Droni imepita juu ya kiwanja chako: imeona nini, imepima nini?

Tangu urasimishaji wa makazi ushike kasi, droni si kioja tena kwenye mitaa ya pembezoni mwa Arusha na Moshi. Inapaa, inakwenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka, inatua, na kabla jua halijazama mtaa mzima una maelezo yake. Mmoja atasema viwanja vimeshapimwa, kilichobaki ni bikoni. Mwingine atasema inaona hadi ndani ya nyumba, bati si kitu kwake. Ukisogea upande wa Mererani utaambiwa inatafuta tanzanaiti, na ukipanda Kibosho au Machame utamkuta mkulima aliyeahidiwa kwamba itamwonyesha mkahawa upi unaumwa, na unaumwa nini.

Habari hizi zote zina chembe ya ukweli, ila zimetiwa chumvi. Mkanganyiko unaanzia pale watu wanapoihesabu droni kuwa kitu kimoja, ilhali yenyewe ni kibebeo tu. Kazi inafanywa na kihisi kilichofungwa tumboni mwake, yaani kifaa kinachopokea kitu fulani kutoka nje, kama mwanga au joto, na kukigeuza kuwa namba. Vihisi hivyo ni vya aina nyingi, na kinachoonwa na kimoja hakionwi na kingine. Tena hakuna hata kimoja kinachopima kiwanja moja kwa moja. Kamera inapokea mwanga. Laida, kihisi cha leza, inahesabu muda. Kamera ya joto inapokea mionzi ya joto. Mita na sentimita zinakuja baadaye, kwa hesabu, na huko kwenye hesabu ndiko kazi nyingi zinakoharibikia.

Kamera ya rangi

Ramani nyingi za droni zinatokana na kamera ya rangi ya kawaida, mara nyingi yenye kihisi kiitwacho cha inchi moja. Jina lisikudanganye, ukikipima kwa rula kina milimita 13.2 kwa 8.8, na hiyo "inchi" ni urithi wa mirija ya kamera za televisheni za zamani. Kwenye eneo hilo dogo zimepangwa pikseli milioni 20. Pikseli ni kijumba kimoja cha kupokea mwanga, na hapa kila kimoja kina upana wa maikromita 2.4. Kijumba chenyewe hakijui rangi. Kimefunikwa kichujio cha kijani, chekundu au cha bluu, nusu ya vyote vikiwa vya kijani, robo vyekundu na robo vya bluu, halafu programu inakisia rangi mbili zilizokosekana kwa kutazama majirani. Kwa ramani ya nyumba na barabara hilo halina neno. Kwa anayetaka kusoma afya ya majani, lina neno kubwa, na tutalifikia.

Jambo la kwanza la kujua kuhusu kamera yoyote ya angani ni pikseli moja inafunika ardhi kiasi gani. Hesabu yake ni nyepesi: chukua kimo cha droni kutoka ardhini, zidisha kwa upana wa pikseli, gawanya kwa umbali wa fokasi wa lensi. Kamera hiyo ikiwa na lensi ya milimita 8.8 na droni ikiwa mita 100 juu, jibu ni sentimita 2.7. Kwa kuwa picha ina pikseli 5,472 kwa 3,648, inafunika karibu mita 150 kwa 100. Ukipanda hadi mita 200 unamaliza kazi haraka na betri inapona, lakini pikseli moja sasa ni sentimita 5.4, na ukingo wa msingi wa ukuta unaanza kuwa jambo la kubishania.

Hesabu hiyo hiyo inajibu hofu ya kuchunguliwa. Uso wa mtu wenye upana wa sentimita 16 unaangukia pikseli sita, tena kamera inatazama chini, kwa hiyo kinachoonekana ni utosi. Kwenye picha ya ramani iliyopigwa mita 100 juu utajua kuna mtu amesimama uani. Hutajua ni nani. Bati haipenyi kabisa. Droni iliyoshushwa hadi mita 15, au yenye lensi ya kuvuta, ni habari nyingine, na hapo ndipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inapoanza kukuhusu.

Wapo wanaouliza mbona kamera ya megapikseli 20 inatosha wakati simu zao zina 108. Wingi wa pikseli si hoja. Kijumba kikiwa kidogo sana kinapokea mwanga kidogo, picha inajaa chenga, na lensi ya simu haina uwezo wa kuzitenganisha pikseli zote hizo.

Picha zinavyogeuka ramani

Picha moja si ramani, hata iwe nzuri namna gani. Ili kupata vimo na umbali, programu inahitaji kukiona kila kitu kutoka sehemu zaidi ya moja. Panda basi la Moshi kwenda Arusha, ukae dirisha la kulia. Nguzo za umeme zinakimbia kurudi nyuma, miti ya mashambani inarudi polepole, na Kilimanjaro haionekani kusogea. Kitu kilicho karibu na jicho kinahama sana, kilicho mbali kinahama kidogo. Kwa droni, paa liko karibu na kamera kuliko uwanja, kwa hiyo kutoka picha moja hadi inayofuata paa linahama zaidi. Programu inapima huko kuhama kwa mamilioni ya nukta na kupata kimo cha kila moja. Kisha inazinyoosha picha zote na kuziunga kuwa moja ambayo sentimita moja ina maana ile ile kila mahali. Hiyo ndiyo othofoto.

Ufundi huu una umri mkubwa kuliko droni. Mwaka 1912 mwanajiografia Mjerumani Fritz Klute alipanda Kilimanjaro na kamera ya vipimo, akapiga picha kutoka vituo mbalimbali mlimani, na ramani iliyotokana nazo ndiyo msingi wa kulinganisha barafu ya wakati ule na ya leo: zaidi ya kilomita za mraba 11 mwaka 1912, chini ya 2 kufikia mwaka 2011.

Kwa kuwa kila kitu lazima kionekane kutoka sehemu zaidi ya moja, picha lazima zilaliane. Kawaida kila picha huilalia inayofuata kwa asilimia 80, na kila mstari wa kuruka huulalia wa jirani kwa asilimia 70. Kwa kamera yetu ikiwa mita 100 juu, maana yake ni picha moja kila mita 20 na mistari iliyoachana mita 45. Kila picha inaongeza mita za mraba 900 tu za eneo jipya, kwa hiyo hekta moja inataka picha kama 11, na mtaa wa hekta 50 unataka 600 na ushei ukihesabu na kingo. Anayekuambia amepima eneo hilo kwa picha 150 amekuletea picha nzuri ya ukutani.

Mteremko ndio unaowaadhibu wengi huku kwetu. Programu za kuongoza droni, zisipoambiwa vinginevyo, zinashika kimo kutoka pale ilipopaa. Chukua shamba la Kibosho lenye mwinuko wa asilimia 10, yaani kila mita 100 za mlalo ardhi inapanda mita 10. Ukianzia chini na kuruka mita 400 kuelekea mlimani, ardhi imepanda mita 40 na droni sasa iko mita 60 tu juu yake. Picha inafunika mita 90 kwa 60 badala ya 150 kwa 100. Mistari bado imeachana mita 45, kwa hiyo mlaliano wa pembeni umeshuka kutoka asilimia 70 hadi 50, na wa mbele kutoka 80 hadi 67. Hiyo ni kwa ardhi tupu. Weka juu yake migrevilea ya mita 20 na hali inazidi kuwa mbaya, maana vilele vya miti viko karibu zaidi na kamera. Matokeo yake ni mashimo kwenye ramani, na yanagundulika ofisini baada ya watu kuondoka shambani. Dawa ni kuipa droni umbo la ardhi kabla ya kuruka ili ipande na kushuka nalo, au kukata shamba vipande na kupaa upya kwa kila kipande.

Kero nyingine ni migomba. Programu inatambua nukta moja kwenye picha mbili kwa kulinganisha sura yake, sasa jani la mgomba linalopepea halina sura moja hata kwa sekunde mbili. Bati jipya lina kasoro yake: linarudisha jua kwa nguvu hadi pikseli zinajaa, na eneo jeupe lisilo na alama yoyote haliwezi kulinganishwa na jingine. Ukiona paa kwenye ramani lina kingo zilizoliwa, sababu mara nyingi ni hiyo.

Halafu kuna shata, yaani kifungua mwanga cha kamera. Kamera nyingi za bei nafuu hazisomi picha yote kwa pamoja. Zinasoma mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini, na hilo linachukua kama sehemu moja ya 30 ya sekunde. Droni ikienda mita 8 kwa sekunde, katika muda huo imesogea sentimita 27, sawa na pikseli kumi. Juu na chini ya picha moja vimepigwa kutoka sehemu mbili tofauti. Programu inaweza kusahihisha kiasi fulani, lakini kwa kazi ya mipaka, kamera yenye shata ya kimakanika, inayopokea mwanga wa picha nzima mara moja, ndiyo ya kutafuta. Hata yenyewe inataka mwendo wa haraka: kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde droni husogea milimita 8 na hakuna atakayeona, ila kwa sehemu moja ya 200 inasogea sentimita 4 na kila ukingo unafifia. Asubuhi za mawingu za Juni na Julai, Arusha inapokuwa na kibaridi chake, kamera iliyoachwa ijiamulie hupunguza mwendo wa shata ili ipate mwanga. Rubani asipoangalia, kazi ya siku nzima inakuwa na ukungu ambao haukuwepo angani.

Na kuna kosa moja la kimyakimya. Eneo tambarare likipigwa kwa mistari sambamba peke yake, kamera ikitazama chini moja kwa moja, hitilafu ndogo kwenye kukadiria umbo la lensi huifanya ramani nzima ivimbe au ibonyee katikati, pengine kwa makumi ya sentimita. Othofoto inabaki inapendeza. Anayeumia ni yule atakayechimba mfereji kwa kufuata vimo hivyo. Mistari michache ya kukatiza, kamera ikiwa imeinamishwa digrii 20 hadi 30, pamoja na alama za ardhini, inaliondoa.

Ramani iko wapi hasa?

Mpaka hapa tuna ramani yenye umbo sahihi, lakini haijulikani imekaa wapi duniani. Hapa ndipo penye migogoro.

GPS ya simu, na ile ya droni ya kawaida, hukosea mita kadhaa hata mahali pa wazi. Kwa ramani za mipaka hutumika vipokezi viwili: kimoja kimesimama juu ya nukta inayojulikana, kingine kiko kwenye droni au kwenye fimbo ya mpimaji. Makosa yanayosababishwa na anga huwapata wote wawili kwa namna moja, kwa hiyo cha kwanza kinayajua na kumsahihisha mwenzake, na kosa linashuka hadi kati ya sentimita 1 na 3. Masahihisho yakitumwa papo hapo kwa redio au intaneti huitwa RTK. Huku karibu na ikweta tabaka la juu la anga huchafuka hasa baada ya jua kuzama, na vipokezi vinaweza kushindwa kushika. Mpimaji anayeng'ang'ania kumalizia nukta zake saa moja usiku anajitafutia.

Kosa kubwa kuliko yote linatokea kwenye kile kipokezi kilichosimama. Kikiwekwa juu ya bikoni yenye kodineti zilizothibitishwa, mambo ni shwari. Kikiwekwa popote na kuachwa kijikadirie kilipo, kodineti zake zitakosea mita moja, mbili au tatu, na ramani nzima itahama nacho. Umbali kati ya nyumba na nyumba utakuwa sahihi, kona zitakuwa sahihi, hakuna kitakachoonekana kimepinda. Siku itakapowekwa juu ya ramani ya mtaa wa jirani iliyopimwa vizuri, barabara zitakataa kukutana.

Alama za ardhini ndizo zinazokamata kosa hilo. Ni vibao au misalaba ya rangi nyeusi na nyeupe, inayopimwa kwa kipokezi cha fimbo kabla ya droni kuruka. Kwa eneo la mtaa mmoja, nne kwenye kona na moja katikati ndicho kiwango cha chini, na kama eneo ni refu au lina mabonde, ongeza. Upana uwe sentimita 50 au 60, ili pikseli ya sentimita 2.7 iione kona ya katikati bila kubahatisha. Msalaba wa chokaa peke yake ni rahisi ila jua la mchana linauchoma hadi katikati yake hapaonekani, na mvua moja inaufuta. Kibao kizuri cha plastiki nacho kina miguu. Kipigilie misumari mirefu, na umwombe mwenyekiti wa mtaa awatangazie watu.

Sasa lile linaloleta simu nyingi kwa wapimaji. Mtu anachukua kodineti za kona ya kiwanja chake kutoka ramani ya upimaji ya zamani, anaziingiza kwenye simu, na mshale unamwangusha karibu mita 300 kutoka nyumbani kwake, pengine ng'ambo ya korongo. Anaanza kulala macho akidhani ameuziwa hewa. Hakuna aliyemwibia. Ramani nyingi za Tanzania zilitumia mfumo wa Arc 1960, wakati simu na setilaiti zinatumia WGS84, na kodineti za nukta ile ile katika mifumo hiyo miwili zinatofautiana kwa takriban mita 300 eneo hili, zaidi kwa uelekeo wa kaskazini na kusini. Nchi sasa ina mfumo mpya zaidi, TAREF11, unaokaribiana na wa setilaiti. Ramani ya droni isiyoandikwa iko kwenye mfumo gani irudishwe kwa aliyeileta. Atakayefanya kazi mkoa mzima wa Arusha akumbuke pia kwamba Arusha mjini na Moshi ziko kanda ya 37 Kusini ya gridi ya ramani iitwayo UTM, ila ukivuka longitudo 36 kuelekea Karatu umeingia kanda ya 36.

Vimo vina mtego wao. Setilaiti hupima kimo kutoka umbo la kihesabu la dunia liitwalo elipsoidi, si kutoka usawa wa bahari. Kuzunguka Kilimanjaro tofauti ya viwili hivyo ni kati ya mita 15 na 20, kimo cha setilaiti kikiwa kidogo. Mlima wenyewe ni ushahidi kwamba namba hubadilika kwa kubadili njia ya kupima: upimaji wa mwaka 1952 ulitoa mita 5,895, wa GPS wa mwaka 1999 ukatoa 5,892.55, bila mlima kupungua. Kwa mfereji wa maji kinachojali ni tofauti ya kimo kati ya nukta na nukta. Mfereji wenye mteremko wa asilimia 0.2 unashuka sentimita 20 kwa kila mita 100, na vimo vya picha za droni hukosea sentimita 5 hadi 8 hata kazi ikifanywa vizuri. Kwa kuchagua njia ya mfereji inatosha. Kwa kuusawazisha chini, tumia kifaa cha kusawazishia.

Kahawa, joto na leza

Kamera ya mikanda mingi ina lensi kadhaa ndogo, kila moja na kichujio chake: bluu, kijani, nyekundu, ukingo wa nyekundu, na infraredi ya karibu isiyoonekana kwa macho. Jani lenye afya linameza mwanga mwekundu na kurudisha infraredi nyingi. Kielezo maarufu cha NDVI ni infraredi kutoa nyekundu, gawanya kwa jumla yao. Jani linalorudisha asilimia 50 ya infraredi na 5 ya nyekundu linapata 0.82. Likichoka na kurudisha 40 na 10 linashuka hadi 0.6. Ili namba hizo ziwe na maana, lazima kibao cha kijivu cha urekebishaji kipigwe picha kabla na baada ya kuruka. Bila hicho, wingu likipita, shamba zima "linaumwa". Pia epuka saa sita na nusu mchana katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua linapokuwa utosini kabisa. Kila picha hupata doa la mwanga katikati.

NDVI inaonyesha mahali penye tofauti. Haisemi ni njaa ya naitrojeni, kiu au ugonjwa. Kwa kahawa ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, hali ni ngumu zaidi, kwani mkahawa uko chini ya mgomba, na mgomba uko chini ya miti ya kivuli, kwa hiyo kinachopimwa ni mti wa juu. Tena unga wa rangi ya chungwa wa kutu ya majani hukaa upande wa chini wa jani, na chulebuni hushambulia matunda yaliyojificha ndani. Droni haina namna ya kuyaona. Kwenye miwa ya Arusha Chini, mpunga wa Mabogini au kahawa ya mashamba makubwa isiyo na kivuli, ramani hiyo ina faida ya kweli: inamwambia bwana shamba aende kona ipi kwanza na viatu vyake.

Kamera ya joto hupokea mionzi ambayo kila kitu hutoa kulingana na joto lake. Picha yake ina pikseli chache, mara nyingi 640 kwa 512, na kutoka mita 100 pikseli moja hufunika kama sentimita 9. Inasoma joto la uso wa nje tu. Haioni kupitia ukuta, bati wala hata kioo. Bati tupu linaidanganya vibaya, kwa sababu linaakisi ubaridi wa anga na kusomeka chini ya sifuri asubuhi isiyo na mawingu. Nguvu yake iko kwenye moshi mwepesi, ambao mionzi hiyo hupenya. Kwenye moto wa nyika kama ule wa Oktoba 2020 Kilimanjaro, kihisi cha aina hii kinaweza kuonyesha makaa yaliyobaki pale ambapo macho yanaona kijivu kitupu.

Laida ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo inayosemwa vibaya kuliko zote. Inarusha mipigo ya leza mamia ya maelfu kwa sekunde na kupima muda wa kila mmoja kwenda na kurudi. Mwanga husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde, kwa hiyo ukikosea nanosekunde moja umekosea sentimita 15. Lazima pia ijue imeelekea wapi: kosa la sehemu ya 0.05 ya digrii kutoka mita 100 ni karibu sentimita 9 ardhini. Watu husema inapenya miti. Haipenyi jani hata moja. Inapita kwenye nafasi kati ya majani, na mpigo mmoja unaweza kurudisha mwangwi wa jani, wa tawi na wa ardhi. Chini ya migomba inapata umbo la ardhi ambalo kamera haiwezi kulipata. Ndani ya maji haioni, kwa kuwa infraredi yake humezwa, labda iwe ya leza ya kijani na maji yawe maangavu. Na udongo haiugusi zaidi ya uso wake.

Madini, kwa hiyo, ni nje ya vihisi hivi vyote. Ndege za utafiti wa madini zipo na zimeruka Tanzania tangu miaka ya 1970, lakini zinabeba vipima usumaku na vipima mionzi ya gama. Vya kwanza huonyesha tofauti za miamba yenye chuma. Vya pili husoma sentimita 30 au 40 za juu tu za udongo. Hakuna hata kimoja kinachotambua kito cha tanzanaiti kilicho chini.

Na kiwanja chako?

Othofoto si upimaji wa kisheria. Kwenye urasimishaji inatumika kutambua vipande vya ardhi na kuchora mpango. Mipaka huwekwa na mpimaji aliyesajiliwa, na ramani ya upimaji huidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani wa Wizara ya Ardhi. Kuna sababu ya vitendo pia. Droni inaona paa, si ukuta, na upenu wa sentimita 60 ukiuhesabu kuwa nyumba umemla jirani. Huko vihambani mpaka ni masale, mimea inayopandwa kuwa alama, na masale yamejificha chini ya migomba ambako kamera haifiki, laida haiyatofautishi na kichaka, na hata kipokezi cha fimbo hupoteza setilaiti. Hapo mpimaji anarudi kwenye kifaa cha miguu mitatu cha kupima pembe na umbali, wenye mashamba wote wakiwa wamesimama pembeni.

Rubani naye awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Viwanja vya ndege vya Kisongo, KIA na Moshi viko karibu mno na makazi kwa mtu kujirushia, na ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro au Arusha hairuhusiwi bila ridhaa ya TANAPA.

Kama ni kamati ya mtaa au ushirika ndio unaolipa, fungua ripoti ya kazi na utafute jedwali la makosa. Litakuwa na alama za namna mbili: zilizotumika kuifunga ramani, na za ukaguzi, ambazo zilipimwa lakini programu haikupewa. Makosa ya zile za kwanza hayana uzito, kwani ramani imelazimishwa ilingane nazo. Soma za ukaguzi. Kwa pikseli ya sentimita 2.7, kosa la sentimita 3 hadi 5 kwa mlalo na 5 hadi 8 kwa kimo ni kazi safi. Ukikuta sentimita 40, au ukakuta hakuna alama za ukaguzi kabisa, omba zipimwe kabla ya malipo ya mwisho: nukta tano kwenye kona za barabara zinazoonekana vizuri kwenye picha, kwa kipokezi kilichofungwa kwenye bikoni inayojulikana, ni kazi ya asubuhi moja.